Weusi Unaobaki: Historia ya Maneno ya Rangi ya Kigiriki katika Majina ya Kisayansi ya Furu wa Ziwa Victoria

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia maneno ya rangi yenye asili ya Kigiriki katika majina ya kisayansi ya furu, samaki wadogo wa jamii ya sikilidi wa Ziwa Victoria, tangu mwaka 1888 hadi 1998. Hoja yake ni kwamba neno la rangi katika jina la samaki ni ushahidi wa mahali aliposimama mtoa jina: majina ya weusi yalitoka kwenye chupa za makumbusho, na majina ya wekundu, kijani na zambarau yalitoka kwa watu waliomwona samaki angali mbichi. Makala yanaonyesha pia kwamba kiishio -chromis, ambacho wengi hukidhania kuwa neno la rangi, kina asili nyingine. Mwisho yanajadili maana ya mambo hayo kwa uundaji wa istilahi za biolojia katika Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Kwenye mialo ya Mwanza, kuanzia Kirumba hadi visiwa vya Ghuba ya Speke, neno furu hutosha. Humtaja samaki mdogo mwenye miiba kwenye pezi la mgongo, anayekaangwa, kukaushwa juani, au kutiwa kwenye ndoana kuwa chambo cha sangara. Waluo humwita fulu, na Waganda humwita enkejje. Wanabiolojia, kwa upande wao, hukadiria kwamba neno hilo moja linafunika spishi zipatazo 500, na kwamba karibu zote hazipatikani penginepo duniani isipokuwa katika ziwa hili. Kila spishi iliyoelezwa kitaalamu ina jina lake la maneno mawili, na majina hayo yameundwa kwa sehemu kubwa kutokana na Kigiriki cha kale na Kilatini.

Furu wana tabia moja inayoyafanya majina yao yawe ya kuvutia kwa mwanaisimu. Spishi mbili zinaweza kulingana kwa umbo la mwili, kwa meno na kwa idadi ya magamba, kisha zikatofautiana kwa rangi ya dume wakati wa kuzaliana. Ingetarajiwa basi kwamba rangi itajaa katika majina yao tangu mwanzo. Haikuwa hivyo. Kwa miongo saba ya kwanza maneno ya rangi yalikuwa machache, na yale yaliyopatikana yaliegemea upande mmoja wa wigo wa rangi. Kwa nini?

Taaluma yetu imeshughulikia sana maneno yaliyokopwa kutoka Kiarabu, Kireno, Kihindi na Kiingereza. Majina ya kisayansi imewaachia wanabiolojia, kana kwamba si maneno. Lakini yana mofolojia, yana semantiki, yana visawe na homonimia, na, kama itakavyoonekana, Kiswahili chenyewe kimeingia humo na kulazimika kufuata kanuni za Kilatini.

2.0 Berlin, mwaka 1888

Mwaka 1888 Franz Hilgendorf wa jumba la makumbusho la zoolojia la Berlin alichapisha maelezo ya samaki wa ziwa aliloliita Victoria-Nyanza, akiweka jina la Ukerewe kwenye mabano. Samaki hao walikusanywa na daktari Gustav Adolf Fischer, aliyefariki mwaka 1886 baada ya safari yake ya mwisho Afrika Mashariki. Mmoja wao Hilgendorf alimwita Chromis obliquidens, na kati ya maneno hayo mawili akapachika jina la jenasi ndogo: Haplochromis. Neno obliquidens ni la Kilatini, maana yake “mwenye jino la mshazari”. Haplo- ni Kigiriki, “sahili” au “-moja”. Wengine walioelezwa mwaka huohuo waliitwa cavifrons, kwa paji la uso lililobonyea, na longirostris, kwa pua ndefu. Meno, paji, pua. Rangi haimo.

Katika mwaka huohuo na jiji hilohilo, mwanaanatomia Wilhelm Waldeyer aliunda neno ambalo leo kila mwanafunzi wa sekondari analijua: kromosomu. Kwa Kigiriki, “chroma” ni rangi na “soma” ni mwili. Miili hiyo midogo ndani ya seli iliitwa hivyo kwa sababu hufyonza rangi inapotiwa dawa ya kuchovya ili ionekane kwenye hadubini. Neno la Waldeyer kweli linahusu rangi, ingawa ni rangi ya mtaalamu, si ya kiumbe.

Msomaji anayeyaweka maneno hayo mawili kando kwa kando atasadiki kwamba Haplochromis nalo lina “chroma” ndani yake. Wanafunzi wangu hulitafsiri “rangi sahili” bila kusita, na sitawalaumu, maana sauti zinashawishi. Lakini “chromis” lilikuwa jina la samaki karne nyingi kabla ya taksonomia. Aristotle, katika kitabu chake cha historia ya wanyama, anaeleza kwamba samaki hawana sauti ya kweli kwa kuwa hawana mapafu, ila wapo wanaotoa mlio. Miongoni mwao anamtaja chromis, ambaye mlio wake ni kama wa kukoroma. Wanaleksikografia wa Kigiriki hulihusisha jina hilo na kundi la maneno ya sauti, likiwamo kitenzi cha kulia kama farasi na nomino ya kusaga meno. Asili yake, kwa hiyo, ni sikioni. Jicho halihusiki.

Jinsi samaki wa bahari ya Ugiriki alivyofika Ukerewe ni safari ya kitaksonomia. Linnaeus alilitumia jina hilo mwaka 1758 kwa samaki wa Mediterania, Cuvier akaligeuza kuwa jenasi mwanzoni mwa karne ya 19, na wataalamu waliofuata wakawarundika humo sikilidi wa maji baridi wa Afrika. Rundo lilipovunjwa baadaye, kiishio kilibaki kama kovu. Ndiyo maana Günther, alipomweleza samaki wa Ziwa Chala chini ya Kilimanjaro mwaka 1889, aliunda Oreochromis, “chromis wa mlimani”. Sato anayeuzwa Mwanza leo yumo katika jenasi hiyo, Oreochromis niloticus, kwa hiyo jina lake kamili linamtaja kuwa wa mlimani na wa Mto Nile kwa pamoja, naye yu sokoni Kirumba.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba madume wa furu wa Ziwa Victoria hutoa milio wanapowachumbia majike, kwamba milio hiyo hutofautiana kati ya spishi, na kwamba majike huizingatia. Hilgendorf hakuweza kuisikia milio hiyo kutoka kwenye chupa, wala hakukusudia kuitaja. Hata hivyo maana ya kale ya “chromis” imewapata.

3.0 Rangi ndani ya chupa

Samaki aliyesafirishwa kutoka ziwani hadi Ulaya alitiwa kwanza kwenye dawa ya kuhifadhi, mara nyingi alkoholi. Hapo rangi zake hazikufa kwa pamoja. Wekundu na umanjano wa samaki hutokana kwa sehemu kubwa na karotenoidi, na karotenoidi huyeyuka katika alkoholi. Buluu inayong’aa kwa kawaida haitokani na rangi ya kuyeyuka hata kidogo. Hutokana na vioo vidogo vya guanini ndani ya ngozi vinavyorudisha mwanga, na mpangilio wa vioo hivyo ukiharibika, buluu hutoweka. Melanini ni habari nyingine. Hiyo hustahimili. Baada ya miaka mingi, samaki aliyekuwa mwekundu ubavuni, manjano tumboni na mweusi mashavuni hubaki wa rangi ya udongo, na weusi wake mahali pake.

Tukilijua hilo, orodha ya majina ya mwanzo husomeka upya. George Boulenger wa London alichapisha mwaka 1906 maelezo ya samaki waliokusanywa na Edward Degen katika Ziwa Victoria. Miongoni mwa majina aliyowapa furu ni nigricans, “mwenye kuelekea weusi”. Cinereus, “wa rangi ya majivu”. Nubilus, “wa mawingu”. Bicolor, “wa rangi mbili”. Na lacrimosus, “mwenye machozi”, yaelekea kwa sababu ya mstari mweusi unaoshuka kutoka jichoni. Yote ni ya Kilatini, na karibu yote ni vivuli vya melanini. Lipo moja linalokaidi, flavipinnis, “mwenye mapezi ya manjano”, na mtu anaweza kukisia kwamba Degen aliandika neno pembeni kabla ya kufunga kifuniko. Wengine wa kipindi hicho walibaki kwenye umbo: prognathus wa Pellegrin mwaka 1904, mwenye taya lililochomoza, na chilotes wa Boulenger mwaka 1911, mwenye midomo, kutokana na neno la Kigiriki “cheilos”.

Kigiriki cha rangi kilipoingia, kiliingia kwa mlango huohuo mweusi. Regan alimpa furu mmoja jina melanopus mwaka 1922: “melas” ni -eusi na “pous” ni mguu, jina la mguu mweusi kwa mnyama asiye na miguu. Ethelwynn Trewavas alifuata mwaka 1928 na melanopterus, kutoka “pteron”, bawa au pezi. Kwa kadiri ninavyoisoma orodha ya majina ya furu wa ziwa hili hadi wakati huo, “erythros”, yaani -ekundu, halionekani, wala “chloros”, wala “kyaneos”. Wataalamu hao walikijua Kigiriki vizuri. Walichokosa ni cha kukisemea.

Hapa nadhani tunapaswa kuwa waangalifu na hoja ya Berlin na Kay. Katika kitabu chao cha mwaka 1969 walidai kwamba lugha hujipatia maneno ya msingi ya rangi kwa mpangilio: kwanza -eusi na -eupe, kisha -ekundu, halafu nyingine. Mtu angeweza kuitazama orodha ya furu, ikianza na weusi na majivu na kuufikia wekundu baadaye, akashangilia kwamba hata taksonomia inafuata ngazi hiyo. Lakini mpangilio huu haukutoka akilini wala katika lugha. Ulitoka katika kemia ya alkoholi.

4.0 Wekundu wa ufukoni

Mabadiliko yalikuja baada ya utafiti kuhamia ziwani. Taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Afrika Mashariki ilianzishwa Jinja mwaka 1947, na Humphry Greenwood alifanya kazi huko katika miaka ya 1950. Sasa mtoa majina aliweza kumshika furu mkononi akiwa bado anapapatika. Mwaka 1959 Greenwood alichapisha jina Haplochromis chromogynos. Ndani ya jina hilo maneno mawili yanayofanana kwa sauti yanakutana: -chromis ya jenasi, ambayo ni samaki wa mlio, na chromo- ya spishi, ambayo kweli ni rangi. “Gyne” ni mwanamke. Jike wa spishi hii ana mabaka. Katika jamii ambayo dume ndiye huvaa rangi na jike hubaki wa kijivujivu, jike mwenye mabaka alistahili jina lake, na jina hilo lisingepatikana kwa mtu aliyezoea kuwatazama samaki wa chupani tu.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1969, Greenwood na Gee walieleza kundi la spishi nyingine, na humo rangi zikafurika. Erythrocephalus, “kichwa chekundu”. Chlorochrous, “wa ngozi ya kijani”, ambamo -chrous inatokana na “chros”, ngozi au rangi ya ngozi. Tyrianthinus, neno linalounganisha mji wa Tiro na ua la urujuani, jina la zambarau iliyotiwa kwenye nguo za kifahari.

Maneno haya yanafaa kutazamwa pamoja na ya kwetu. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine zote tumezitoa kwenye vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni kiungo cha jikoni, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu kwa Kiarabu. Mara nyingi mwanafunzi huambiwa, au hujiambia, kwamba huu ni upungufu wa Kiswahili mbele ya lugha za sayansi. Kigiriki cha kale kilifanya vivyo hivyo. “Kyanos” katika tungo za Homer ni kitu, aina ya madini au kioo cha buluu iliyokoza kilichopambia silaha na kuta. Kutoka hapo ndipo likaja “kyaneos”, na baadaye kila sayano ya kemia na ya uchapishaji. “Porphyra” ni konokono wa baharini aliyetoa rangi ya zambarau. “Chloros” ni ndugu wa neno la chipukizi, na lilifunika kijani kibichi na umanjano uliopauka kwa pamoja, bila kuona haya. “Pyrrhos” ni wekundu wa moto, kutoka “pyr”. Mswahili aliyesema rangi ya jani na Mgiriki aliyesema rangi ya chipukizi walikuwa wakifanya kazi moja.

“Pyrrhos” linatufikisha Mwanza yenyewe. Tangu mwaka 1977 kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden kilifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza pamoja na wenzao wa Tanzania, kikisomea ikolojia ya furu. Frans Witte na Els Witte-Maas walimweleza mwaka 1987 furu mdogo anayekula viumbe vidogo vya majini, wakamwita pyrrhocephalus: tena kichwa chekundu. Kwa nini wasitumie erythros? Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama haziruhusu spishi mbili za jenasi moja kuwa na jina moja, na erythrocephalus lilikwisha kuchukuliwa mwaka 1969. Yaelekea kisawe kilitafutwa, na Kigiriki kilikuwa nacho. Lakini visawe havilingani kamwe kwa ukamilifu, na hapa wa kwanza ni mwekundu wa kawaida, wa pili ana moto ndani yake. Kwa Kiswahili wote wawili wangekuwa “kichwa chekundu”, na mfasiri angehitaji kumwita wa pili “kichwamoto”.

Jina hilo lilitolewa samaki wake akiwa anatoweka. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka ghafla katika Ghuba ya Mwanza kwenye miaka ya 1980. Furu, ambao kabla ya hapo walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa, walikaribia kuisha kwenye nyavu za utafiti. Inakadiriwa kuwa spishi zipatazo 200 zilipotea au zilikuwa hatarini kupotea. Pyrrhocephalus ni miongoni mwa wachache walioonekana tena kwa wingi katika miaka ya 1990. Kwa spishi nyingine, neno la Kigiriki au la Kilatini kwenye kibandiko ndiyo kumbukumbu fupi kuliko zote ya rangi ambayo kielelezo chenyewe hakina tena.

5.0 Pundamilia, jinsia ya kike

Mwaka 1985, mwaka ambao Mwalimu Julius Nyerere aliondoka madarakani, Witte-Maas na Witte walichapisha jina Haplochromis nyererei kwa furu wa Ghuba ya Mwanza, kwa heshima yake. Dume wake ana mgongo mwekundu uliokoza na ubavu wa manjano. Jina halitaji rangi, lakini samaki huyu ndiye aliyepelekea rangi kuzungumzwa kuliko furu mwingine yeyote.

Mwaka 1998 Ole Seehausen na wenzake walichapisha maelezo ya furu wa miambani, jenasi tatu mpya na spishi kumi na tano mpya. Katika kichwa cha chapisho lao waliweka neno la wenyeji, mbipi, linalotumiwa kwa furu hao. Jenasi ya kwanza, Lithochromis, ni ya Kigiriki: “chromis wa mawe”. Ya pili ni Mbipia. Ya tatu ni Pundamilia, na humo nyererei akahamishiwa.

Jina Pundamilia linastahili kutazamwa kwa makini. Punda milia ni nomino mbili zilizoambatana, na milia ni wingi wa mlia, ngeli ya m-/mi-. Irabu ya mwisho -a ni ya shina la neno. Haina kazi ya kisarufi. Katika Kilatini, nomino inayoishia na -a kwa kawaida ni ya jinsia ya kike. Jina la jenasi linapokuwa la kike, vivumishi vya spishi hulifuata. Kwa hiyo tunapata Pundamilia azurea na Pundamilia macrocephala, kama tunavyopata Mbipia lutea. Mnyama ambaye kwa Kiswahili hupatanishwa kwa a- na wa- kama viumbe hai wote, bila kuulizwa kama ni dume au jike, amepewa jinsia kwa sababu ya irabu. Sijui mfano mwingine ulio bora zaidi wa upatanisho wa kisarufi kuzuka kwa ajali ya kifonolojia, na ninautumia darasani kila mwaka. Spishi mojawapo ina jina la kujirudia, Pundamilia pundamilia, kama vile Chromis chromis wa Mediterania.

Neno hili linahusu milia, yaani melanini. Hata wakati huu weusi ulishinda katika jina la jenasi. Ila majina ya spishi sasa yanatumia wigo mzima: xanthopteryx, “bawa la manjano” kwa Kigiriki, cyaneus, Kigiriki kilichovaa kiishio cha Kilatini, na kwa Kilatini omnicaeruleus, “buluu kote”, rufocaudalis, “mkia mwekundu”, igneopinnis, “mapezi ya moto”. Azurea limetoka mbali zaidi: Kilatini cha zama za kati kililichukua kutoka “lazaward” la Kiarabu na Kiajemi, jina la jiwe la buluu. Hapo pia rangi ilikuwa kitu kabla ya kuwa sifa.

6.0 Seli, maji na kamusi

Maneno ya rangi ya Kigiriki yana makazi mengine katika biolojia, nayo ni ngozi ya samaki yenyewe. Seli zinazobeba rangi huitwa kromatofori, kutoka “chroma” na “phoros”, mbebaji. Zenye melanini ni melanofori. Zenye rangi nyekundu ni erithrofori. Za manjano ni zanthofori. Zinazorudisha mwanga ni iridofori, kutoka kwa Iris, upinde wa mvua. Nyeupe ni leukofori. Mwanaistilahi anajiuliza: tukope, au tutafsiri?

Kutafsiri kunavutia, kwa kuwa mbebaji tunaye. Melanofori ingeweza kuwa kibebaweusi, leukofori kibebaweupe, erithrofori kibebawekundu. Hapo tunasimama, kwa kuwa nomino dhahania za aina ya weusi, weupe na wekundu hutoka kwenye vivumishi vitatu vilevile vilivyotajwa. Umanjano unasikika, ukijani unasikika kwa shida, usamawati hausikiki. Mfumo ungekuwa wa Kiswahili kwa seli tatu na wa Kigiriki kwa zilizobaki. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilitufungulia njia ya kukopa kwa utaratibu pale ambapo seti nzima haitafsiriki, na kwa maoni yangu hapa ndipo pa kukopa. Kwa neno la jumla tu ningependekeza selirangi libaki kando ya kromatofori, kwa matumizi ya shule.

Kuhusu -chromis shauri langu ni tofauti. Isitafsiriwe kuwa rangi mahali popote. Anayehitaji tafsiri ya Haplochromis katika kitomeo cha kamusi aandike furu, na katika maelezo ya etimolojia ataje samaki wa Aristotle.

Limebaki jambo la rangi zenyewe. Mwaka 1997 Seehausen, van Alphen na Witte walionyesha katika jarida la Science kwamba majike wa furu huchagua madume kwa rangi, na kwamba maji yakichafuka kwa rutuba inayotiririka kutoka nchi kavu, mwanga unaofika chini hupungua wigo na rangi hazitofautishiki. Katika maji maangavu ya kisiwa cha Makobe, nyererei mwekundu na pundamilia wa buluu ni spishi mbili zilizotengana. Katika maji ya matope ndani ya Ghuba ya Mwanza hupatikana samaki wa katikati, si wekundu wala si wa buluu, na mpaka kati ya majina hayo mawili hufifia pamoja na mpaka kati ya samaki.

Tunayo maelezo ya rangi hizi kwa Kigiriki, kwa Kilatini na kwa Kiingereza cha majarida. Kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kiswahili cha mialoni, mkusanyiko wa maneno ya rangi na ya mabaka yanayotumiwa na wavuvi kwa furu unahitaji kufanywa kwa mbinu za isimu: kwa kuwaonyesha wazungumzaji samaki wabichi, kwenye mwanga wa asubuhi nyavu zinapotolewa, kabla rangi haijaondoka. Picha hazitatosha, na vielelezo vya chupani vitatupa tena jibu lilelile la mwaka 1906. Wazee waliovua kabla ya sangara kuenea wana kumbukumbu ya samaki ambao vijana wanaovua leo hawajawaona, na kwao ndiko kazi hiyo inapaswa kuanzia.